Sabuni Tatu kwa Somo Moja

Wiki iliyopita vijana wawili walikuja nyumbani kwangu, mmoja na gitaa mgongoni, mwingine na karatasi mkononi. Wamefungua chumba cha kufundisha muziki hapa Butembo, na karatasi ile ilikuwa tangazo la kubandika mlangoni. Walikuwa wameandika kila kitu kwa herufi nzuri: gitaa, sinte, solfeji, sauti. Mahali pa bei tu ndipo palikuwa peupe.

"Maître," mwenye gitaa akasema, kwa maana ya mwalimu, "tuandike ngapi?"

Niliwapa chai, nikawaambia nitawajibu baadaye. Waliondoka wakidhani nimezeeka. Kwa jambo hilo sikuzeeka. Nilikuwa hivi hivi nikiwa na umri wao. Mtu akiniuliza jambo la dakika moja, nalibeba wiki nzima, naligeuza, naliandika, nalifuta. Nimefundisha harmonium, kile kinanda cha kanisa cha kukanyaga, na sinte, kinanda cha umeme, tangu wakati wa vita hadi vidole vilipokataa, na katika miaka hiyo nilikosea bei mara nyingi. Makosa mengi niliyacheka mwenyewe baadaye. Moja sijalicheka. Nitalifikia, lakini kwanza niwape yale yanayofaa kwa kazi, ili wale watakaochoka kusoma wasiondoke mikono mitupu.

Msipange bei kwa noti. Wakati wa vita pesa zilikuwa kama wageni kwenye matanga: zinaingia, zinatoka, hujui zimetumwa na nani. Kulikuwa na noti za zamani ambazo soko moja lilizipokea na la pili likazikataa. Kulikuwa na shilingi za Uganda. Kulikuwa na dola, na dola yenye tundu dogo kama la sindano ulirudishiwa mbele ya watu kana kwamba umeiba. Ulipanga bei Jumatatu, Ijumaa ilikuwa mzaha.

Aliyenionyesha njia ni Papa Paluku, kiongozi wa kwaya ya paruasi yetu ya Kikatoliki, mtu mfupi wa koti moja la kahawia, aliyenifundisha harmonium nikiwa mtoto. Nilipotoka shule ya juu na diploma yangu, walimu hawakuwa wamelipwa na serikali kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu tena. Nilimwambia nataka kufundisha watu binafsi, nikamtolea jedwali la bei nililolitengeneza. Lilikuwa na safu nne na wino wa rangi tatu: umri wa mwanafunzi, urefu wa somo, kuchakaa kwa harmonium, umbali wa nyumba. Alilitazama muda mrefu.

"Kasereka, hii ni tarif ama ni ramani ya kwenda Kisangani?"

"Ni tarif, Papa."

"Na mutu wa kuisoma, utamulipisha naye?"

Kisha akalikunja, akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. "Sikiliza. Kila nyumba inafula. Kuwe vita, kuwe amani, batoto banachafuka. Kila asubuhi uliza kipande cha sabuni ni ngapi. Somo moja, sabuni moja. Mwenye duka, sabuni mbili. Mwenye kamyo ya mizigo, tatu. Na mama mwenye hana ya sabuni, umufundishie mutoto wake, unyamaze."

Nilifanya hivyo kwa miaka. Kila asubuhi nilipita kwenye kibanda kimoja kabla ya kwenda kazini, nikauliza bei ya sabuni, nikaondoka. Mwenye kibanda alivumilia mwezi mzima. Mwisho akaniuliza, "Maître, unauliza bei kila siku, donc utafula lini?"

Lingine: msiseme bure kwa sababu ya woga. Kamanda mmoja alifika kwenye chumba changu na walinzi wawili. Alitaka kujifunza wimbo mmoja wa mapenzi ampigie mtu fulani. "Mbongo boni?" akauliza kwa Kilingala, yaani pesa ngapi. Bunduki ilikuwa imelala juu ya harmonium, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Bure, chef." Kama ningetaja sabuni tatu, angelipa au angenipiga, na ingekwisha. Kwa sababu nilisema bure, alikuja kila siku kwa majuma mawili. Vidole vyake vilikuwa vinene, kila kimoja kiligusa noti mbili. Wanafunzi wangu walikimbia wote. Siku kikosi chake kilipohamishwa alinikumbatia kwa machozi, na wimbo ulikuwa bado haujafika korasi. Somo la bure halina mwisho, vijana wangu, kwa kuwa hakuna anayejua limetimia lini.

Sasa nifike.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya depo ya vipuri ya Baba Saidi, Mwislamu wa Beni, msafirishaji mwenye kamyo mbili zilizokuwa zikienda Beni na Oicha pale barabara ilipofunguka. Alinipenda, na alinionea huruma. Kupitia ukuta wa mbao alisikia jinsi wafanyabiashara walivyonila. Mimi nilitaja bei ya kweli tangu mwanzo, sabuni mbili, wao wakasema moja, nikaogopa, nikasema moja, wakasema nusu. Niliwahi kumfundisha mtoto wa mwenye duka kubwa la vitenge kwa robo ya sabuni.

"Mwalimu," Baba Saidi akaniambia, "unauza kama mutu anayekimbia moto. Bei ya kwanza ni ya kusalimiana tu! Sema tatu. Yeye atasema moja. Utasema mbili. Mutaonana pale mutaonana."

"Na akikubali tatu?"

"Hapa Butembo?" Alicheka hadi akashika mlango. "Mutu akubali bei ya kwanza? Huyo atakuwa mugonjwa, umupeleke hopitali."

Nililiandika neno hilo katika daftari langu. Tatu, kwa kila mtu, kisha kushuka. Nilifanya hata mazoezi ya uso, mbele ya kioo, ili nisionekane kama mtu anayekimbia moto.

Mama Kahindo alikuja siku ya soko, kikapu kitupu mgongoni na udongo mweusi wa Kipese, milima ya Lubero, kwenye viatu vyake vya plastiki. Alikuwa mkulima kule juu, mjane, muuza viazi na poaro, vile vitunguu vya majani. Nyuma yake alisimama binti wa miaka kumi na minne aliyekuwa anaitazama harmonium, si mimi.

"Wavukire, mwalimu," akanisalimu kwa Kinande, akapiga goti kidogo. "Huyu ni Kahindo. Mwenye kupiga harmonium kwetu alikimbia vita. Sasa harmonium iko na kitambaa juu yake kama maiti. Nataka huyu ajue."

Nilimuuliza kwa nini harmonium, maana mimi huuliza kila kitu.

"Masista bako na shule ya kulala kule kwetu. Banasema wakipata binti wa kupiga misa nzima, mwanzo mpaka mwisho, watamupokea bila kulipa." Alimshika binti bega. "Mimi ninazunguka na mizigo tangu utoto, mwalimu. Huyu hapana. Mutu wa harmonium anakaa ndani ya kanisa. Huyu akae."

"Ni sabuni tatu kwa somo moja," nikasema, na uso wangu wa kioo nikauvaa.

Alimtazama mtoto, akaitazama harmonium. "Sawa, mwalimu."

Nilisubiri. Nilikohoa. "Yaani... tatu, mama."

"Nimesikia, mwalimu. Sawa."

Dakika ile nawaeleza polepole, kwa sababu nanyi mtaipata yenu. Katika dakika ile ningeweza kusema, hapana mama, kwako ni moja. Lakini nilikuwa na kichwa kisichotulia, nacho kikaanza. Pengine ana pesa, mbona amekubali upesi? Nikishusha sasa, ataona nilitaka kumdanganya. Mwalimu anayebadilisha neno lake mbele ya mwanafunzi, ataheshimiwa vipi? Na kodi ya chumba je? Nitashusha mwezi ujao, kwa sababu fulani nzuri nitakayoitafuta. Nilipomaliza kufikiri, mama alikuwa ameshaufunga mlango.

Mwanamke yule, sokoni, angegombana na mnunuzi kwa ajili ya bakuli moja la viazi hadi jua liwe kichwani. Lakini kwa mwalimu mtu habishi bei, kama vile asivyobisha na padri bei ya misa. Mwalimu akitaja, basi ndiyo. Nami nilijua hivyo. Mimi ni mtoto wa Lubero, mama yangu alimlipa Papa Paluku kwa poaro, na hakuthubutu hata siku moja kuuliza kama zimetosha. Nilijua, na nikamtajia bei ya kubishia mtu asiyebisha.

Kahindo alikuwa na vidole vigumu vya jembe. Somo la kwanza alikanyaga pedali kama mtu anayepanda mlima, harmonium ikalia kama ng'ombe, tukacheka sote wawili. Somo la tano alikuwa anaifanya ipumue. Nimefundisha wengi, na sitasema alikuwa wa kwanza kwa kipaji. Alikuwa na kitu kingine: hakuwa anarudia kosa. Likitokea mara moja, alisimama, akalitazama kama nyoka barabarani, akalizunguka, na hukuliona tena.

Mimi nilikuwa na saa ya mezani. Nililipwa kwa somo, na somo lilikuwa saa moja. Ilipotimia nilisema, "Saa imetimia," hata kama vidole vyake vilikuwa bado juu ya akodi ya mwisho. Aliviondoa mara moja, akasema aksanti, akaweka malipo kwenye kona ya meza, kwa mikono miwili.

Mwezi wa kwanza malipo yalikuwa noti safi. Mwezi wa tatu yalikuwa noti ndogo ndogo zenye harufu ya moshi na vitunguu. Mwezi wa tano zilianza kuingia shilingi. Shilingi nyingi namna ile zilitoka upande wa Beni, na kati ya Butembo na Beni siku zile watu walipita wakisali. Nilifungua daftari, nikaandika "shilingi", na mbele yake nikaweka alama ya kuuliza. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, hilo niliuliza daftari tu.

Kushusha bei nilikupanga kwa Noeli. Kisha nikaona ni bora baada ya mwaka mpya. Kisha nikaona ni vizuri nimalizie naye Gloria kwanza, ili punguzo lionekane kama zawadi ya bidii. Mnaona jinsi nilivyokuwa na akili nyingi.

Alhamisi moja Kahindo hakuja. Jioni Baba Saidi aliingia bila kubisha hodi, akasema kamyo moja, si yake, imepigwa risasi kwenye barabara ya Beni. Ilibeba viazi, na watu walikuwa wameketi juu ya magunia. Nani alipiga, kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu hayakufanana. Mama Kahindo alikuwa juu ya magunia yake.

Matanga yalikuwa kwenye uwanja wa kaka yake, hapa Butembo. Niliketi kwenye benchi la mwisho la wanaume. Karibu na mlango, mdogo wa kike wa marehemu, aliyekuja kutoka Mavivi, ukingoni mwa Beni, alikuwa akiwasimulia waliofika jinsi ilivyokuwa.

"Dada yangu alikuwa anauza hapa Butembo tu. Ile barabara alikuwa anaiogopa sana. Lakini Beni viazi vinapata bei, na mutoto ameanza masomo. Nilimuambia, dada, acha. Akasema, hapana, mwalimu wa mutoto ni wa bei. Ni wa bei, lakini ni muzuri."

Mtu mmoja akanyoosha kidole kunionyesha: mwalimu mwenyewe yule pale. Wakageuka wote kunitazama. Kisha mama mdogo yule akainuka, akanitolea kiti chake, kiti cha kuegemea, akakileta mwenyewe na kunipangusia kwa kitenge chake. Niliketi juu yake. Sikupata sababu ya kukikataa ambayo ningeweza kuisema pale.

Kesho yake nilimweleza Baba Saidi. Alikuwa anahesabu boliti, akaacha.

"Hakupunguza hata kidogo?"

"Hapana."

"Na wewe ulimuongezea nini?"

"Kumuongezea nini?"

"Matabishi, mwalimu!" Aliketi juu ya tairi. "Mutu akikosa kupunguza, ama anaona haya, ama hajue, ama anakuamini. Wewe mwenye kuuza ndiye unapunguza kwa ajili yake. Unamuongezea juu: boliti mbili, kopo ya mafuta, kitu. Matabishi. Hata mwizi wa soko anajua. Mimi nilikufundisha bei ya kwanza, nikawaza hiyo ingine unaijua, si umesoma!"

Kisha akaokota boliti moja, akaiweka tena chini. "Mungu anisamehe na mimi," akasema.

Kahindo alirudi baada ya majuma matatu, kichwa kimenyolewa. Kabla ya kuketi aliweka kwenye kona ya meza kitambaa kilichofungwa fundo. "Mama aliacha ya mwezi huu."

Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia. Niliyaandika mara nne. Yalikuwa na utangulizi. Nilipolitazama fundo lile, utangulizi ulikwisha.

"Rudisha hiyo, Kahindo. Nilimlipisha mama yako bei isiyo yake. Nilitaja tatu ili aseme moja. Hakusema. Nikaacha hivyo."

Hakulia. Alisimama kama anavyosimama kosa linapotokea.

"Bengine banalipa ngapi?"

"Watu wa shamba, sabuni moja."

"Na sisi tatu."

"Ndiyo."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Aliomba daftari langu. Nilimpa, na alama zangu za kuuliza zote ndani. Alihesabu kwa kidole, Alhamisi baada ya Alhamisi, midomo ikicheza kama anavyohesabu midundo. Masomo ishirini na nane. Kila somo, sabuni mbili za juu.

"Iko hamsini na sita," akasema.

"Nitakurudishia pesa. Nipe muda, nitauza—"

"Sitaki franga." Alifunga daftari. "Mama hakuenda kutafuta franga. Alienda kutafuta masomo. Bado masomo hamsini na sita. Ninahamia Mavivi kwa mama mudogo. Utakuja kule."

Halikuwa ombi. Nilisema sawa, mwalimu kwa mwanafunzi, kama mama yake alivyoniambia mimi.

Basi kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, barabara ilipofunguka, nilipanda kamyo ya Baba Saidi. Hakukubali kunilipisha, alisema sehemu hiyo ya deni ni ya kwake. Nilibeba sinte ndogo ya betri ndani ya gunia la unga. Nilifundisha somo moja Jumamosi mchana na moja Jumapili baada ya misa, nikarudi. Mimi, mtu niliyekuwa naogopa kuvuka njia ya kwenda sokoni, nilipita pale viazi vya kamyo ile vilipokuwa vimeoza pembeni ya barabara, mara kwa mara, na kila mara nilifunga macho kona moja kabla.

Kwenye bariera, kile kizuizi cha barabarani, wanajeshi walifungua gunia. "Hii ni nini? Bomu?" Niliwaambia ni muziki. "Haya, piga!" Nilipiga nimesimama kwenye matope, mmoja akacheza, mwingine akadai kitu cha chai, wakatuachia. Bariera ya pili, piga tena. Baba Saidi alisema mimi ndiye msafiri pekee anayelipa ushuru kwa vidole. Ilikuwa kweli, na siku nyingine tulicheka. Siku nyingine hakuna aliyeomba wimbo, na hizo ndizo tulizoogopa.

Kahindo alinipokea uani, meza imepanguswa, benchi mbili. Ndege ya kutua uwanja wa Mavivi ilipopita juu alisubiri hadi kelele iishe, akaendelea kutoka noti ile ile. Alikuwa na heshima yote. Aliniletea maji ya kunawa. Kila Jumapili alinisindikiza hadi barabarani na gunia kichwani, akaniuliza, "Utarudia lini, mwalimu?" Nami nikasema, Mungu akipenda, wiki mbili. Hakuniuliza lingine. Katika daftari lake alikuwa ameandika namba kuanzia hamsini na sita kwenda chini, na baada ya kila somo alikata moja kwa mstari ulionyooka.

Tulipofika arobaini, habari ilikuja kwamba shule ya masista imefungwa, masista wamekwenda, na wanajeshi wanalala kwenye mabweni. Nilimwambia kwa sauti ya chini, nikidhani ataacha. Aliuliza kama sehemu ya Sanctus inapigwa kwa pedali nzito au nyepesi. Tuliendelea. Alikuwa anajifunza misa nzima kwa ajili ya mlango ambao haukuwepo tena, kwa sababu ilikuwa imelipiwa.

Barabara ilifungwa mara nyingi, mara moja kwa miezi mitatu. Ilinichukua karibu miaka miwili kumaliza.

Vijana, mliniuliza muandike ngapi. Andikeni sabuni moja, kwa bei ya asubuhi hiyo, ya watu wa shamba. Mbili kwa mwenye duka, tatu kwa mwenye kamyo, na iandikwe hivyo mlangoni ili kila mtu ajione yuko wapi. Mkitaka kuanzia juu na mfanyabiashara, anzieni, yeye anajua mchezo. Lakini kabla ya kufungua mdomo mtazame aliye mbele yako. Taja bei ambayo, akiikubali pale pale na kugeuka, utaweza kumtazama mtoto wake usoni Alhamisi ijayo. Na asiyebisha, mwongezee siku ile ile, palepale. Msingoje Noeli. Na ile saa ya mezani, igeuzeni itazame ukuta.

Somo la mwisho lilikuwa Jumapili. Alipiga misa nzima, kutoka Kyrie hadi wimbo wa kutokea, bila karatasi, kwenye sinte yangu ndogo yenye kibonye kimoja kisicholia. Kibonye kile alikizunguka kila mara kwa kidole kingine, na hukusikia pengo. Mama mdogo alitoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama hadi mwisho. Kisha Kahindo alichukua daftari, akakata namba moja iliyobaki.

Nilikuwa nimejiandaa. Ndani ya gunia nilibeba wimbo nilioutunga na kuuandika kwa mkono wangu, kurasa tatu, wa kumfundisha baada ya hesabu kwisha. Niliutoa, nikauweka mbele yake. "Huu hauhesabiwi," nikasema. "Ni matabishi."

Aliusoma ukurasa wa kwanza, nikaona kidole chake kimoja kikigonga meza kwa mdundo wake. Nilidhani ameukubali. Kisha akazipanga kurasa vizuri, kona kwa kona, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama hakukuombaka matabishi, mwalimu."

Aliipangusa sinte kwa kitambaa, akaiweka ndani ya gunia, akalifunga. Alinisindikiza kama kawaida, gunia kichwani, hadi pale kamyo ya Baba Saidi ilipokuwa inasubiri. Alinipa mkono, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtoto mwenye adabu anavyompa mwalimu wake.

"Safari njema," akasema.

Nilipanda polepole. Nilikawia mlangoni, nikapanga upya gunia lililokuwa limekaa sawa. Baba Saidi aliwasha injini. Kahindo alisimama pembeni ya barabara hadi tulipoondoka, naye hakuniuliza nitarudia lini.